Macho ya Shangazi Mbeyu

Nyinyi vijana mnaochapisha mabango kwa mashine, hamjambo. Nawaona mnavyoifanya kazi. Mteja anaingia, anakaa kwenye kiti cha plastiki, mnabofya-bofya, na kabla hajamaliza soda yake bango limeshatoka na kukunjwa. Sisemi vibaya. Ningekuwa na mashine hiyo nikiwa na umri wenu, leo magoti yangu yasingelia hivi ninapoinuka.

Lakini juma lililopita msichana mmoja wa duka la uchapishaji hapa Kisauni aliniuliza, "Mama Kadzo, ule mtindo wako wa kuchora nyuso uliusomea wapi?" Nikamjibu haraka, "Sikuusomea. Nilichapwa nao." Akacheka, akaenda zake. Mimi nikabaki na jibu langu mkononi kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Naomba nilijibu swali hilo tena, taratibu, maana ndani yake kuna mtu.

Nimechora kuta na mabango ng'ambo zote za kisiwa hiki: Kisauni, Bombolulu, Likoni, Changamwe. Kisiwani kwenyewe nilikwenda kununua rangi tu. Niliingia kazini kwa kufukuzwa kazi. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja wa Kisauni, na siku moja akaja fundi kuandika ukuta wa mbele. Nilitoka na sahani mkononi nikasimama kumtazama, nikatazama, nikatazama, mpaka wateja wakaanza kuletewa chai bila vikombe. Mwenye mkahawa akaniambia nisirudi kesho. Yule fundi, hata hakugeuka kutoka kwenye ukuta, akasema, "Ndoo basi, unishikie ngazi."

Huyo alikuwa Fundi Shee, Mvita wa asili ambaye "njoo" kwake ni "ndoo", mzee mwembamba mwenye kofia iliyokuwa na rangi zote za kazi alizowahi kufanya. Ungeweza kuisoma historia yake kichwani. Alinifundisha kila kitu ninachokijua, na alinifundisha kwa kuniacha nikosee kwanza.

Kosa langu la kwanza liliandikwa kwa herufi za futi moja. Tulipewa kazi kwenye mkahawa mwingine, kuandika CHAKULA CHA WASAFIRI. Nikaanza kushoto, nikajimwaga, herufi nono zenye kivuli. Nilipofika mwisho wa ukuta bado nilikuwa na herufi mbili mkononi na pa kuziweka sina. Bango likasomeka CHAKULA CHA WASAFI. Mwenye mkahawa akatoka kutazama. Akasoma. Akageuka akatazama jikoni kwake. Kisha akasema, "Hapana, mama. Huo ni uongo. Futa."

Fundi Shee akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanionyesha: unahesabu herufi, unatafuta ya katikati, unaanza hapo, unakwenda huku na huku. Unapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Na kabla ya yote unaosha ukuta kwa maji baridi ya bomba, hata kama unaonekana safi, kwa sababu upepo wa huku kwetu una chumvi, na chumvi iko chini ya rangi yako inakungoja uondoke ndipo ianze kuibandua. Ukimaliza, vuka barabara ukatazame kutoka upande wa pili. Bango husomwa na mtu anayepita na haraka zake. Aliyepanda ngazi ni wewe peke yako.

Herufi nikaziweza. Shida ikaja kwenye nyuso.

Bi Saumu wa Bombolulu alikuwa anafungua saluni, akataka mwanamke mrembo ubaoni, nywele zimesukwa, shingo ndefu, uso unavutia. Nikafanya kazi siku nne. Nywele zilitoka vizuri mpaka leo najisifu. Nikampelekea. Bi Saumu akauegemeza ubao ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akajifunga leso yake vizuri kama mtu aliyeingiliwa na mgeni.

"Kadzo," akasema, "mimi nilitaka mrembo. Umeniletea hakimu."

"Kwani ana nini?"

"Ananiuliza nimetoka wapi saa hizi!"

Nikaurudisha, nikafuta macho, nikachora mengine. Yakatoka yale yale. Nikafuta tena. Nikapunguza nyusi, nikaongeza kope, nikatia wanja. Sasa akawa hakimu aliyepaka wanja. Nikaona nimelogwa. Nikampelekea Fundi Shee.

Akavaa miwani, akautazama ule ubao. Kisha akasema, "Huyu ni nani?"

"Si mtu, mwalimu. Ni mrembo tu."

"Mrembo huyu yuwakujua. Tezama mato yake. Hamtezami mteja, yuwakutezama wewe. Haya, sema. Ni nani?"

Nikatazama. Wallahi, na mimi ni Mkristo lakini nimeishi Kisauni kiasi cha kuapa hivyo, nilimtambua. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Unyusi mmoja umepanda juu, kama wa mtu aliyesikia jambo asiloliamini. Alikuwa Shangazi Mbeyu.

Shangazi Mbeyu ni dada wa baba yangu. Mama alipofariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenichukua akanilea kwake Kaloleni. Alikuwa akisuka mikeka, na alikuwa mkali. Nami nilikuwa mtoto wa makaa: nikipata kipande cha makaa na ukuta uliosiribwa upya, basi. Nilimchora kuku wake, jirani yake, mchungaji wake. Akitoka nje na kuona, hakupiga kelele. Alisema, "Kadzo. Njoo."

"Abee, shangazi."

"Nitazame."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe, fimbo ilikuwa nyongeza tu. Ilikuwa lazima nimtazame machoni muda wote anaposema, na ukiteremsha macho kosa lilianza upya kutoka mwanzo. Sasa piga hesabu mwenyewe mtoto mtundu kama mimi alisimama mara ngapi mbele ya uso ule. Hakuna kitu duniani nilichowahi kukitazama kwa makini kama hicho. Mkono wangu ulijua uso mmoja.

Nikamweleza Fundi Shee haya yote, nusura nilie. Yeye akachukua ubao wake mwenyewe uliokuwa unakauka, umeandikwa SAMAKI WA KUKAANGA, akaniambia, "Tezama hiyo S." Mkia wa ile herufi ulijikunja ukatoa ua dogo lenye majani manane. "Babangu alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Nimelala utoto wangu wote nikitezama ua hilo mlangoni mwetu. Nimejaribu kuiandika S bila ua, haisimami. Sasa wewe umelelewa na shangazi. Mwache akae, mtafutie kazi."

Sikumwacha akae. Vijana, sikilizeni, nilipigana na yule mama miaka. Nilinunua magazeti ya mitindo nikanakili wanawake wa ng'ambo za mbali, wakatoka na macho ya Kaloleni. Nilichora ng'ombe wa bucha Changamwe. Wateja wakasema wanaona haya kuagiza nyama mbele yake. Hoteli moja ya Nyali ikanipa kazi nzuri, kuchora pomboo anayecheka kando ya bwawa la watoto. Nilimpa kinywa cha kucheka kutoka sikio hadi sikio, kama pomboo ana masikio. Watoto wakakataa kuingia majini. Mmoja alitoka kwenye maji, akajifuta, akavaa viatu, akaenda akakunja nguo zake. Meneja alinishukuru kwa adabu sana na hakunipigia simu tena.

Kazi aliyosema Fundi Shee ilimfikia shangazi huko Likoni.

Kulikuwa na muuza simiti na mabati, Bwana Twalib, ambaye duka lake lilikuwa na ukuta mrefu upande wa kichochoro. Watu wanaoshuka feri wamebanwa walikuwa wakikiona kichochoro kile, basi wanahisi wamefika kwao. Bwana Twalib alikuwa ameandika kila kitu. Usikojoe hapa. Tafadhali usikojoe hapa. Mbwa tu ndio hukojoa hapa. Walikojoa mpaka kwenye neno mbwa. Aliponiita alikuwa amekata tamaa, akitaka niandike maneno makali kuliko yote hayo, na alikuwa nayo kwenye karatasi. Nikayasoma. Nikamwambia, "Bwana Twalib, haya siwezi kuyaandika, mimi huimba kanisani."

Hapo ndipo lilipoingia wazo. Nikaosha ukuta, na mnaelewa kwamba huo niliuosha mara tatu, na siku mbili zilizofuata nikamchora shangazi. Safari hii sikumzuia. Nilimpa uso wote, mkubwa kama mlango wa gereji, leso kichwani, unyusi juu. Pembeni nikazungusha mistari ya mkeka aliyokuwa akiisuka, nyeusi na zambarau, maana nayo ilikuwa mkononi ikingoja. Chini sikuandika hata herufi moja.

Ukuta ulikauka na ukabaki mkavu.

Bwana Twalib alikuwa akikaa kwenye kiti kuangalia. Jamaa anaingia kichochoroni na haraka zake, mkono kwenye mshipi, anainua uso. Anasimama. Anaanza kukohoa, anajifanya anatafuta nyumba ya mtu, anatoka. Likoni nzima wakampa jina: Mama Nakuona. Kisha wakaanza kuja wengine. Mwenye gereji wa Changamwe: "Tuchoree yule mama." Shule moja ya Kisauni, nyuma ya vyoo: "Tuchoree yule mama." Kwa muda wa miaka kadhaa nilikula kwa uso wa shangazi yangu, nikawalipia watoto wangu karo, nikatia mabati mapya. Nilikuwa mchoraji mwenye jina.

Na yeye huko Kaloleni hajui lolote. Nilikuwa namwambia nachora "picha za mafundisho."

Siku moja akapiga simu. "Jumamosi naja. Akina mama wa kanisa tuna mkutano Likoni, na mimi ndiye mwenyekiti. Utanipeleka."

Sijui kama mmewahi kusikia damu ikirudi nyuma. Kutoka feri mpaka kanisa lile kulikuwa na kuta tatu zangu. Ijumaa yote nilitembea kupanga njia. Jumamosi nikampata dereva wa tuktuk mwenye busara, nikamweleza njia ya kuzunguka, kushoto, kushoto, kulia, nyuma ya soko. Shangazi akaketi nyuma na mkoba wake mapajani, amevaa sare ya kanisa, nyeupe, imenyooshwa kama karatasi.

"Mbona tunazunguka?" akauliza. "Msalaba ule pale nauona."

"Barabara mbovu, shangazi."

Tulizikwepa kuta mbili salama. Kwenye ya tatu lori la simiti lilikuwa limeziba njia, linashusha mifuko, na mbele ya lori ni duka la Bwana Twalib. Dereva akazima injini. Nikasema tungoje. Shangazi akasema yeye hajazoea kungojea lori, ana miguu, akashuka. Akapita kando ya lori kwa kukata kichochoroni.

Nilipomfikia alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, mkoba mikononi, anajitazama. Alikuwa mdogo mno mbele ya uso ule. Mara kijana mmoja aliyetoka feri akaingia mbio, mkono kwenye mshipi. Akauona ukuta, akapunguza mwendo. Akageuza uso pembeni, akamwona shangazi mwenyewe, amesimama, unyusi juu. Akatazama ukuta. Akamtazama shangazi.

"Shikamoo, mama!" akapiga kelele, akageuka akakimbia, mshipi mkononi.

"Marahaba," akasema shangazi, kwa sababu malezi ni malezi.

Bwana Twalib akatoka dukani kuona nani anayepiga kelele. Alipomwona shangazi akashika kichwa. "Yuko hai! Jamani, Mama Nakuona yuko hai!" Watu wakamiminika. Kikaletwa kiti, ikaletwa soda, wapakuzi wa simiti wakapanga foleni kumwamkia, mmoja akamwomba amwombee mwanawe anayekataa shule. Shangazi akaketi katikati yao, sare nyeupe, soda mkononi haijaguswa. Hatimaye akaniita.

"Kadzo. Njoo."

"Abee, shangazi." Nilikuwa na miaka hamsini, nina wajukuu.

"Nitazame. Hapa ukutani, watu walikuwa wanafanya nini?"

Ningeweza kudanganya mtu mwingine yeyote. "Walikuwa wanakojoa, shangazi."

"Na katika watu wote, ukaona wa kuwazuia ni mimi."

"Abee."

Akafikiri. "Wanazuilika?"

"Kabisa, mama!" akajibu Bwana Twalib kwa niaba yangu. "Hata harufu imekwisha, alhamdulillahi!"

Shangazi akainuka, akaniachia soda niishike, akaenda kwenye mkutano wake. Aliendesha mkutano ule saa nne nzima bila kulitaja jambo lile. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma na ile soda, inapata moto.

Tulirudi kwangu Kisauni alasiri, nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikijua hakuna samaki atakayeniokoa. Alikula. Akanawa mikono. Halafu akauliza, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali ningejua la kufanya.

"Kadzo, miaka yote ile niliyokaa nawe, mimi sikucheka hata siku moja?"

Nikatafuta. Vijana, nilitafuta kila pembe ya utoto wangu, uani, jikoni, kisimani, kanisani, na sikuupata uso ule ukicheka. Nikaona haya isiyo na mfano. Mtu aliyenipa chakula chake na mkeka wake, na mimi nimezunguka pwani nzima nikimwonyesha kwa umma akiwa na hasira.

"Kesho asubuhi utakaa nikuchore," nikamwambia. "Utakaa ukicheka."

Asubuhi, kabla ya kanisa, nikamkalisha barazani, nikatega ubao. Alikaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Cheka basi, shangazi." Akanyoosha midomo, ilionekana kama anaumwa jino. Nikamsimulia saluni ya Bi Saumu, hamna. Nikamsimulia pomboo, akauliza pomboo ni samaki gani na kama analiwa. Ikafika saa ya chai ubao ungali mweupe. Nikaweka brashi chini, nikasema kwa kuchoka tu, "Yule kijana wa jana. Sijui alipata wapi pa kwenda."

Shangazi akaacha kunyoosha midomo. Kisha akasema polepole, "Aliniamkia. Mshipi mkononi, akaniamkia."

Na mabega yakaanza. Yalitikisika kwanza mabega, halafu kiti. Akashika ncha ya leso yake akajifunika uso wote, na ndani ya leso mkatoka sauti nyembamba kama ya birika. Nikasimama na brashi, sioni kitu ila kitambaa.

"Shangazi, toa leso! Ninachora nini?"

"Siwezi," akasema huko ndani. "Nimezoea hivi. Unadhani nilikuwa naingia ndani kufanya nini nikishakuchapa? Siku ile ulipomchora mchungaji juu ya mbuzi nilikuchapa, nikafunga mlango, nikacheka mpaka nikalala chini. Mbuzi alikuwa na miguu sita, Kadzo. Ningecheka mbele yako ungepaka makaa nyumba nzima."

Nililia, sioni aibu kuwaambia. Nikamwondolea leso kwa mkono wangu mwenyewe, na ndipo nikauona. Jicho dogo la kushoto hufumba kabisa. Unyusi uliopanda hushuka ukalala. Pengo moja juu. Nikamchora mbio kabla hajakumbuka kunikemea, na ule ndio uso wa pili mkono wangu uliowahi kuujua.

Sasa, kwa majuto, nilifanya ujinga. Jumatatu nilikwenda Likoni nikamwomba ruhusa Bwana Twalib, nikapaka ukuta upya, nikamchora shangazi anayecheka, mkubwa vile vile. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Watu walisimama kuitazama, wakatabasamu. Siku ya tano Bwana Twalib akanipigia simu.

"Kadzo, wamerudi."

"Wote?"

"Wote, na wameleta wenzao. Na si hivyo tu. Sasa wanamsalimia kwanza. Nawasikia kutoka ndani: habari ya asubuhi, mama, umeamkaje. Kisha wanaendelea na shughuli!"

Nikampigia shangazi Kaloleni, nikamweleza kila kitu, nikangoja. Kwenye simu nikasikia ile birika, mbali, ndani ya kitambaa. Alipomaliza akasafisha koo.

"Mrudishe yule mkali kazini," akasema. "Huyu wa kucheka niletee mimi huku."

Nikafanya hivyo. Ule ubao wa barazani uko sebuleni kwake Kaloleni, umetundikwa juu ya kiti chake. Amezeeka sasa, hasuki tena, lakini kila ninapokwenda kumwona namkuta ameketi chini yake, wa juu amefumba jicho kwa kicheko na pengo wazi, na wa chini, unyusi juu, ananiuliza mbona nimechelewa.